Kabla hujalala chini ya leza: historia ya macho yaliyotangulia

Wiki hii naweka kando mambo ya PHP na hifadhidata. Katika muda wa mwezi mmoja watu watatu wa Biashara Street wameniuliza swali lile lile, na wameniuliza mimi kwa hoja kwamba nimesomea kompyuta na leza ni mambo ya kompyuta. Swali lenyewe: nikafanyiwe operesheni ya macho kwa leza, nitupe miwani, au kuna shida?

Mimi si daktari wa macho. Navaa miwani tangu shule ya msingi na shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta, basi. Lakini nikikabidhiwa programu iliyoandikwa na watu walioondoka zamani, kitu cha kwanza huwa ni kusoma rekodi ya mabadiliko: nani alibadilisha nini, lini, na kitu gani kiliharibika kabla ya hapo. Ukikuta mstari wa kodi unaokagua jambo lile lile mara mbili, usiufute haraka. Kuna siku mtu alilia kwa sababu mstari huo haukuwepo. Historia ya operesheni hii nimeisoma kwa mtindo huo huo. Ile fomu unayojazishwa na vile vipimo unavyopitishwa kabla ya leza ni rekodi ya namna hiyo. Sehemu kubwa yake iliandikwa baada ya watu kuumia. Na hapa huwezi kurudisha toleo la jana. Tishu ikishaondolewa imeondoka.

Twende polepole. Simama upande mmoja wa Biashara Street utazame kanga zilizotundikwa upande wa pili. Mwenye macho mazima anasoma jina la kanga. Mimi bila miwani naona rangi, na hata hizo rangi zimeingiliana. Sababu ni kwamba mwanga unaoingia kwenye jicho langu unakutana kabla ya kufika nyuma kwenye retina, ama kwa kuwa jicho ni refu mno au kwa kuwa konea imebinuka mno. Konea ni ule utando safi wa mbele, unaopitisha mwanga kama kioo cha saa. Karibu theluthi mbili ya nguvu yote ya jicho ya kukusanya mwanga iko hapo, na unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, wastani wa maikroni 540 hivi. Kwa hiyo ukiweza kubadilisha umbo la konea kidogo sana, umebadilisha namba ya miwani. Wazo lote ni hilo. Ningeweza kuanzia kwa Ibn al-Haytham wa Basra na kitabu chake cha mambo ya mwanga, lakini tutalala hapa. Tuanzie Japani.

Tsutomu Sato, daktari wa Kijapani, alianza mwishoni mwa miaka ya 1930 kukata mikato myembamba kwenye konea za watu wasioona mbali. Mikato inalegeza pembeni, katikati panalala kidogo, mtu anaona. Alikata upande wa nje na upande wa ndani pia. Matokeo ya mwanzo yalipendeza na njia yake ikatangazwa hadi Marekani miaka ya 1950. Jambo ambalo halikueleweka wakati ule ni kwamba ule upande wa ndani umefunikwa na safu moja ya seli ambazo kazi yake ni kutoa maji kwenye konea ili ibaki safi, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazizaliwi upya. Miaka kama 20 baada ya operesheni, konea za wagonjwa wengi wa Sato zilianza kuvimba na kuingia ukungu. Hebu fikiria: miaka 20. Daktari anaweza kuwa mkweli, mgonjwa anaweza kuwa na furaha, na bado hesabu haijafungwa.

Aliyefuata alikuwa Svyatoslav Fyodorov wa Moscow, miaka ya 1970. Yeye aliacha upande wa ndani na kukata wa nje peke yake, mistari iliyosambaa kama miale ya jua. Hadithi inayosimuliwa sana ni ya mvulana aliyevunjikiwa na miwani, vipande vikamkata konea, na jicho lilipopona likawa linaona mbali kuliko kabla. Fyodorov akaigeuza kuwa kiwanda kweli kweli: miaka ya 1980 wagonjwa walilala kwenye vitanda vilivyokuwa vikisogezwa kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine, kila daktari na hatua yake. Njia hiyo ikaingia Marekani mwaka 1978 na kuenea kwa kasi.

Wamarekani walifanya jambo moja la maana sana: waliwafuatilia wagonjwa. Utafiti ulioitwa PERK uliwatazama kwa miaka 10, na matokeo yalipochapishwa mwaka 1994 ilionekana kuwa 43% ya macho yalikuwa yamesogea kwa dayopta moja au zaidi kuelekea upande wa pili. Yaani mtu aliyekatwa kwa sababu haoni mbali alikuwa anaelekea kushindwa kuona karibu, polepole, mwaka baada ya mwaka. Konea iliyokatwa ilikuwa imedhoofika na iliendelea kulegea. Mwezi Mei 1996 daktari wa Texas, Beck Weathers, aliyekuwa amefanyiwa operesheni hiyo, alipanda Everest na macho yakamwishia njiani kwa sababu konea za namna ile hubadilika umbo kwenye hewa hafifu. Ukikutana na mzee aliyekatwa kwa mtindo wa Fyodorov miaka ile, akitaka kupanda Mlima Kenya mwambie aonane na daktari wa macho kwanza. Wa leza za leo hawana tatizo hilo kwa kiwango hicho.

Sasa tunafika kwenye sehemu ninayoipenda, kwa sababu inahusu IBM.

Leza ya kwanza iliwaka Mei 1960 mikononi mwa Theodore Maiman, California. Mwaka 1970 Warusi wa Moscow wakatengeneza aina inayoitwa leza ya eksima, inayotoa mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho. IBM waliichukua kwa ajili ya mambo yao ya kuchonga plastiki na vifaa vya kompyuta. Katika maabara yao ya Yorktown Heights, karibu na New York, walikuwapo Rangaswamy Srinivasan, mzaliwa wa Madras, pamoja na James Wynne na Samuel Blum. Walijua leza ya nanomita 193 huchonga plastiki bila kuichoma. Wakajiuliza itakuwaje kwa nyama. Siku moja baada ya sikukuu ya Shukrani, tarehe 27 Novemba 1981, Srinivasan alileta kazini mabaki ya batamzinga wa chakula cha jana. Walipiga gegedu yake kwa leza ya eksima na kwa leza ya kijani. Ya kijani iliunguza pembeni. Ya eksima ilichimba shimo lenye kuta safi, kana kwamba hakuna joto lililopita.

Sababu yake ni kwamba mwanga wa nanomita 193 una nguvu ya kutosha kuvunja vifungo vya molekuli moja kwa moja, na unaishia palepale juu bila kupenya ndani. Pigo moja linaondoa kama robo ya maikroni. Kwa mtu wa programu hii ni habari tamu: una kisu unachoweza kukihesabu. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel wa New York alishirikiana na Srinivasan na Bodil Braren kuonyesha kwamba konea inachongeka hivyo hivyo. Wale watatu wa batamzinga walikuja kutunukiwa medali ya taifa ya teknolojia na Rais Obama, Februari 2013.

Mwaka 1988, huko New Orleans, Dkt. Marguerite McDonald alichonga kwa leza jicho lenye kuona la mwanamke aliyekuwa na saratani kandokando ya jicho hilo. Lilikuwa liondolewe kwa vyovyote, naye alikubali litumiwe kwanza kwa majaribio. Watu wachache wanaovua miwani leo wamewahi kusikia habari za mama huyo. Njia iliyotumika inaitwa PRK: unakwangua ngozi nyembamba ya juu ya konea, unachonga, ngozi inaota tena kwa siku kadhaa zenye maumivu. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha mashine ya kwanza ya PRK Oktoba 1995.

LASIK ni ndoa ya leza na wazo la zamani zaidi. José Barraquer wa Bogotá, Colombia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akiwaza kukata kipande cha konea, kukichonga kando, na kukirudisha. Gholam Peyman, mzaliwa wa Iran, alipata hataza mwaka 1989 ya kuinua kifuniko cha konea, kuchonga chini yake kwa leza na kukilaza tena. Wakati huo huo Ioannis Pallikaris huko Krete alikuwa akilifanyia kazi wazo la kuacha kifuniko kikining'inia kwa bawaba, na jina LASIK likatoka kwake. Faida yake unaijua: hakuna maumivu ya siku nne, kesho yake unaona. Hasara yake ni kwamba kile kifuniko hakishikani tena kwa nguvu yake ya mwanzo. Mtu anaweza kupigwa jichoni miaka mingi baadaye na kifuniko kikasogea, kwa hiyo bondia au mcheza karate huelekezwa zaidi PRK. Baadaye kifuniko kikaanza kukatwa kwa leza ya femtosekunde badala ya wembe, na FDA iliidhinisha SMILE mwaka 2016, ambayo haina kifuniko kabisa, bali tundu dogo pembeni la kutolea kipande kilichokatwa ndani. Majina ya biashara ni mengi, usiyahangaikie sana. Yote yanaondoa tishu.

Na tishu ina bajeti, kwa hiyo tuihesabu. Mwaka 1988 Charles Munnerlyn na wenzake walichapisha fomula: kina cha kuchonga kwa maikroni ni kipenyo cha sehemu inayochongwa kwa milimita, kipeo cha pili, mara dayopta, gawanya kwa 3. Ukichonga duara la milimita 6, kila dayopta moja inakula maikroni 12. Mtu wa namba 6 anapoteza 72. Konea yake ikiwa 540 na kifuniko 110, chini ya kifuniko zinabaki 358. Vizuri. Sasa chukua mtu wa namba 10 mwenye konea ya 500: zinachongwa 120, kifuniko 110, zinabaki 270. Sheria ya zamani ilisema usishuke chini ya 250, kwa hiyo kwa karatasi huyu amepita. Lakini ameguswa 46% ya konea yake, na utafiti wa Marcony Santhiago na wenzake wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kuanzia 40% hatari inapanda hata kwa konea iliyoonekana nzima. Kwa nini basi usipunguze duara? Milimita 4 zinakula maikroni 5 na kitu tu kwa dayopta. Walifanya hivyo miaka ya mwanzo. Usiku mboni inapanuka kupita duara lililochongwa, na mtu anaona pete kuzunguka kila taa ya gari. Mtu anayerudi Nyali usiku kupitia daraja, taa zote zikimjia usoni, ataelewa maana ya hilo.

Hatari ninayoisema hapo juu ina jina, nayo ndiyo kiini cha makala hii. Mwaka 1998 Theo Seiler wa Ujerumani na wenzake waliripoti watu waliofanyiwa LASIK ambao konea zao baadaye zilianza kutokeza mbele zenyewe, kama chandarua kinachosukumwa na kiwiko kutoka ndani. Uoni unaharibika kwa namna ambayo miwani ya kawaida hairekebishi, na wengine huishia kupandikizwa konea ya marehemu. Ilipochunguzwa, wengi walikuwa na ugonjwa unaoitwa keratokonasi katika hatua ya mwanzo kabisa, bila dalili. Ugonjwa huo hudhoofisha konea na kuifanya ichongoke. Leza ilimaliza kazi ambayo ugonjwa ulikuwa umeianza.

Namna ya kuugundua mapema ni kazi ya kompyuta, nami najivunia fani yangu hapa. Mwaka 1880 Mreno Antonio Plácido alitengeneza kisahani chenye duara nyeupe na nyeusi. Ukikitazama akisi yake kwenye konea, duara zikipinda konea imepinda. Karne moja baadaye, mwaka 1984, Stephen Klyce wa Louisiana aliiandikia programu picha hiyo, na ikawa ramani ya konea nzima, kisha ikatiwa rangi: nyekundu palipobinuka, buluu palipolala. Mashine za leo kama Pentacam hupiga picha hadi mgongo wa konea, ambako keratokonasi huanza kujificha. Mwaka 2008 Bradley Randleman na wenzake walipopanga vigezo vya hatari, ramani isiyo ya kawaida ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa, kisha unene, umri mdogo na vinginevyo.

Kwa nini nalisema hili kwa watu wa Biashara Street hasa? Kwa sababu keratokonasi haikugawanywa sawa duniani. Mwaka 2000 madaktari wa Leicester, Uingereza, walichapisha kwamba Wahindi na Wapakistani wa huko walikuwa wakiupata mara 4.4 zaidi ya Wazungu wa mji ule ule, tena wakiwa na umri mdogo. Na Wahindi wa Leicester wengi ni nani? Ni watu waliotoka Uganda na Kenya, jamaa wa hawa hawa wenye maduka ya kanga na vitambaa hapa. Saudia na Iran nako ugonjwa huu ni wa kawaida kuliko Ulaya. Mitaa yetu ya Mombasa damu zimechanganyika, Mswahili, Mwarabu, Mkachi, na undugu wa kuoana binamu upo. Tena Afrika Mashariki watoto wengi wana ule mzio wa macho unaowasha miaka na miaka, na kusugua macho kunahusishwa moja kwa moja na kuchongoka kwa konea. Kwa Mjerumani wa miaka 40, ramani ya konea ni tahadhari. Kwa kijana wa huku aliyekua akisugua macho, ni kipimo cha kwanza kabisa.

Mtoto wa khalati yangu ni mmoja wa wale watatu. Ana duka mtaani hapo, ana miaka 24, namba ya miwani yake ilikuwa ikibadilika kila mwaka, na tangu udogo husugua macho kwa vifundo vya vidole mpaka khalati humkemea mbele ya wateja. Alikuwa ameshatenga pesa na anatarajia kuoa bila miwani usoni. Alipimwa Nairobi. Daktari alimgeuzia skrini, akamwonyesha doa jekundu chini kidogo ya katikati, akamwambia hapana. Alitoka na hasira, akasema atatafuta mahali pengine watakapokubali, maana kazini kwake kila mtu hupatana bei. Tuliketi naye nyuma ya duka tukaisoma ripoti ya mwaka 1998 na zilizofuata. Hasira ilipoa aliposikia kwamba yule yule Seiler, akiwa Dresden na wenzake Spoerl na Wollensak, alisaidia kubuni dawa ya tatizo hili: matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, vinavyokaza nyuzi za konea ili isiendelee kuchongoka. Walichapisha matokeo ya wagonjwa wa kwanza mwaka 2003, FDA ikaidhinisha 2016. Haiondoi miwani. Inazuia kilichobaki kisipotee, na kwake yeye ndiyo iliyokuwa na haraka, siyo leza.

Rekodi ya mabadiliko hufuta mistari pia. Masharti ya awali ya mashine za Marekani yaliwakataza watu wenye kovu linaloota, keloidi, na hilo liliwahusu Waafrika zaidi ya wengine. Ilikuwa dhana kutoka kwenye ngozi. Konea haina mishipa ya damu na haiponi kama ngozi. Mwaka 1998 madaktari nchini Marekani walichapisha matokeo ya PRK kwa Wamarekani weusi, wakiwamo wenye historia ya keloidi, na macho yao yalipona vizuri. Kwa hiyo ukiambiwa moja kwa moja hapana kwa ajili ya keloidi ya sikioni, uliza zaidi. Lupasi, baridi yabisi, kinga iliyoshuka kwa HIV, kisukari kisichodhibitiwa, ujauzito na kunyonyesha ni masuala mengine, hayo yaseme wazi bila haya. Lenzi za kuvaa nazo hubana konea na kudanganya ramani: FDA inashauri uache lenzi laini wiki 2 kabla ya kupimwa, na zile ngumu wiki 3 hadi 4.

Je, wanaofaa wanaridhika? Ndiyo, wengi mno. Utafiti wa PROWL, ulioendeshwa na FDA pamoja na jeshi la Marekani na kuchapishwa mwaka 2017, ulikuta zaidi ya 95% wameridhika na uoni wao. Lakini soma na sehemu ya pili. Kati ya wale ambao hawakuwa na dalili yoyote kabla, kama pete kwenye taa au kuona viwili, hadi 46% walikuwa na angalau moja mpya baada ya miezi 3. Hadi 30% ya wasiokuwa na macho makavu walipata ukavu. Waliosema dalili zinawatatiza sana walikuwa chini ya 1%, na ukiwa wewe ndiye huyo mmoja, asilimia haikusaidii. Konea ina mishipa mingi ya fahamu, leza inaikata, na jicho linasahau kulia kwa miezi. Kaa basi mbele ya skrini saa kumi na kiyoyozi kikikupuliza, kama tunavyokaa sisi. Hilo ndilo linalonizuia mimi hadi leo, si woga wa leza yenyewe.

Kwa mafundi cherehani wa Biashara Street nina neno tofauti. Baada ya miaka 40 lenzi ya ndani ya jicho inakuwa ngumu na kila mtu huanza kusogeza gazeti mbali. Leza haizuii hilo. Fundi mwenye namba 2 au 3 ya kutoona mbali ana zawadi asiyoijua: anavua miwani, anatunga uzi kwenye sindano, maisha yanaendelea. Akichongwa ili aone mbali, ataona basi linalokuja, halafu atahitaji miwani ya kusomea kwa kila sindano ya kila siku. Mmoja wa wale watatu ni fundi wa miaka 43. Nilimweleza hayo, akacheka, akarudi kwenye mashine yake.

Kuhusu mahali: hospitali za macho za Pwani kama Lighthouse for Christ hapa Mombasa na Kwale Eye Centre ng'ambo ya Likoni zimejengwa juu ya kazi ya kuzuia upofu, mtoto wa jicho kwanza. Leza ya kuondoa miwani watu wetu huifuata Nairobi au India, kwenye hospitali kama Sankara Nethralaya ya Chennai au L V Prasad ya Hyderabad. Hakuna ubaya, wamebobea. Lakini usipange kurudi kesho yake. Kifuniko kikijikunja au jicho likiingia vidudu, ni siku za kwanza, na daktari wa huku hatajua ulichofanyiwa.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya: kudai kumbukumbu. Omba karatasi zenye namba yako ya miwani kabla ya operesheni, mbinuko wa konea, unene wake, na maikroni zilizoondolewa. Piga picha, jitumie kwa barua pepe, weka nakala nyumbani. Ukifika miaka 60 na mtoto wa jicho, daktari atakayekuwekea lenzi bandia hukokotoa nguvu yake kwa kudhani konea haijawahi kuguswa, na bila zile namba anaweza kukosea hesabu. La pili ni presha ya macho, glakoma, inayoua uoni kimya kimya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka Kongwa, Tanzania, ulikuta zaidi ya 4% ya watu wa miaka 40 na kuendelea wanayo. Kipimo chake cha kawaida hubonyeza konea na kusoma upinzani. Konea iliyopunguzwa kwa leza haipingi sana, kwa hiyo mashine inasoma presha ya chini kuliko iliyopo, na mgonjwa anaambiwa yuko salama. Kwa hiyo kila daktari wa macho utakayemwona maisha yako yote, hata ikiwa imepita miaka 30 na wewe mwenyewe umesahau kama uliwahi kuvaa miwani, mwambie kabla hajakugusa kwamba macho haya yalichongwa, na mwonyeshe ile karatasi.